Wakili wa Visiwa Vidogo

Maji yakipwa, Chale si kisiwa. Trekta la hoteli huvuka mchangani likiwa limepakia wageni, kina mama wakainama mwambani kutafuta pweza, na mtoto wa Gazi aweza kutoka bara mpaka ukingo wa msitu bila kulowa magoti. Maji yakishajaa, anayetaka kuvuka sharti aite mashua. Wadigo wa upande huu, pwani ya Kwale nchini Kenya, wameishi hivyo tangu enzi za kaya, vijiji vya wazee vya msituni, na hawakuwahi kumuuliza mtu kama Chale ni kisiwa au ni ncha ya bara. Kwao ni Chale, basi.

Lakini swali hilo duniani lipo, na jibu lake limeandikwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliotiwa saini Montego Bay, Jamaika, tarehe 10 Desemba 1982, unasema katika kifungu cha 121 kwamba kisiwa ni ardhi ya asili iliyozungukwa na maji, na ambayo hubaki juu ya maji wakati wa maji kujaa. Kipimo ni kujaa, si kupwa. Kwa kipimo hicho Chale ni kisiwa, na fungu la mchanga linaloonekana saa chache kisha likazama si kisiwa, hata taifa kubwa lipeleke bendera na manowari. Maneno hayo yalikuwamo tayari katika mkataba wa Geneva wa 1958, na katika miaka tisa ya majadiliano, kuanzia 1973 hadi 1982, wako watu waliokaa macho kuhakikisha hayapotei.

Ni watu wa aina hiyo ninaotaka kuwasifu: mwanasheria anayeacha ofisi yake, akakubali kuwa balozi wa nchi ndogo, kisha akautumia umri wake kulinda maneno. Sanamu zao hazipo katika miji yetu. Mitaa yetu ina majina ya wapiganaji na wanasiasa, nao wanastahili. Lakini mtu mnyonge halindwi na bunduki, kwa kuwa bunduki ya mwenye nguvu ni kubwa kuliko yake siku zote. Hulindwa na makubaliano yaliyoandikwa vizuri, na makubaliano hayaandikiki vizuri yenyewe.

Kazi hiyo niliijua kabla sijajua kwamba dunia ina mabalozi. Babu yangu hakuketi darasani hata siku moja, lakini palipokuwa na mapatano ya minazi ndiye aliyeitwa. Msomaji wa Kwale hana haja ya kuelezwa kwamba huku kwetu mnazi waweza kuwa wa mtu huyu na ardhi iliyouotesha ikawa ya mtu mwingine. Mwenye shida ya mahari au ya mgonjwa huweka minazi yake rehani, akapewa fedha, na mkopeshaji akala nazi mpaka deni lilipwe. Hapo ndipo ugomvi wa vizazi huzaliwa. Babu alikaa juu ya mkeka katikati ya pande mbili, hana haraka, akaanza kuuliza. Nazi zitakazoangushwa na upepo ni za nani? Makuti atasuka nani? Mgema akipanda, tembo ampelekee nani? Mnazi ukipigwa na radi, deni linakufa pamoja nao au linabaki? Na shimo lile mnazi ulimosimama, ni la mwenye mti au la mwenye shamba?

Vijana walichoka naye. Walitaka fedha zihesabiwe, watu waende zao. Yeye alikuwa na sharti moja la mwisho ambalo sijaliona kwa mwingine. Alimgeukia mkopeshaji akamwambia, "Sasa sema wewe maneno ya mwenzako." Kisha akamgeukia mkopaji, "Na wewe, mwanangu, sema ya kwake." Kila mmoja alilazimika kuyataja masharti ya upande wa pili kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi, bila kupunguza. Akikosea, wanaanza upya. Jua likapanda, chai ikapoa, na babu hakuinuka mpaka maneno ya huyu yalingane na ya yule. Ndipo fedha zikapita mkono. Sikumbuki hata mnazi mmoja alioufungia masharti ukafikishwa kwa chifu. Watu walimwita mkaidi alipokuwa hai, na alipokufa wakaanza kwenda mahakamani.

Nilipokua nikasoma habari za Robert Van Lierop, nilimtambua mara moja kuwa ni wa ukoo wa kazi ileile, ingawa hakuna bahari wala damu iliyowaunganisha.

Van Lierop alikuwa wakili wa New York, Mmarekani mweusi wa kizazi kilichopigania haki za kiraia. Njia yake ya kufikia ubalozi ilipitia Afrika Mashariki. Dar es Salaam ya miaka ya sitini ilikuwa mji wa wapigania uhuru. FRELIMO yenyewe, harakati ya ukombozi wa Msumbiji, iliundwa pale mwaka 1962, na kiongozi wake Eduardo Mondlane aliishi pale. Wakili huyu alifika Tanzania na akakutana na Mondlane. Tarehe 3 Februari 1969 Mondlane aliuawa mjini humo kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Van Lierop hakurudi nyuma. Mwaka 1971 aliziweka kando kesi zake, akaja na mpigapicha mwenzake Robert Fletcher, wakaingia kutokea Tanzania katika maeneo ya kaskazini mwa Msumbiji yaliyokuwa yamekombolewa. Matokeo yake ni filamu fupi iliyotoka mwaka 1972, A Luta Continua, iliyozungushwa katika makanisa na vyuo vya Marekani ili watu wa huko waone kwamba vita vya Msumbiji vilikuwa vya watu wenye shule, zahanati na mashamba, watu waliojua wanachokitaka.

Hapa ndipo naona mafunzo yake yalipokamilika. Sheria aliisomea kwao. Kule msituni alijifunza kwamba taifa huanza kabla ya kutambuliwa, na kwamba kazi ya rafiki wa taifa kama hilo ni kulifikisha jina lake mahali ambapo halijasikika.

Mwaka 1980, tarehe 30 Julai, visiwa vya Vanuatu katika bahari ya Pasifiki vilipata uhuru. Vilikuwa vimetawaliwa kwa pamoja na Uingereza na Ufaransa, mataifa mawili juu ya watu laki moja na ushei waliotawanyika katika visiwa zaidi ya themanini. Tarehe 15 Septemba 1981 Vanuatu ikaingia Umoja wa Mataifa. Waziri Mkuu wake wa kwanza, Walter Lini, kasisi wa Kianglikana, aliongoza nchi isiyo na fedha wala jeshi, na yenye wanasheria wachache mno. Kiti cha New York akakabidhiwa Van Lierop, na alikikalia mpaka mwaka 1994.

Wako watakaouliza: mtu wa New York anawezaje kuwa sauti ya watu wa Pasifiki? Waswahili tumekwisha jibu zamani: mgeni njoo, mwenyeji apone. Jambo la kumpima nalo balozi ni anamsemea nani anapofungua mdomo, na kama anayemsemea angeyatambua maneno yale kuwa ni yake. Wapo mabalozi waliozaliwa na nchi zao, wakapewa pasipoti, magari na nyumba, na miaka ikapita bila mtu wa kijijini kwao kujua walisema nini. Na yuko huyu aliyezaliwa mbali, na bado alama ya kazi yake imo katika mkataba unaoihusu pwani yetu.

Silaha ya nchi ndogo katika Umoja wa Mataifa ni moja tu. Katika Baraza Kuu kila nchi ina kura moja, iwe Uchina, iwe Vanuatu. Lakini kura bila ujuzi ni mkono unaoinuliwa kisha ukateremshwa. Anayejua sheria anajua zaidi: hoja iingizwe lini, kwa neno gani, katika kamati ipi, na nani aulizwe kwanza faraghani kabla ya kuulizwa hadharani. Mwaka 1986, tarehe 2 Desemba, nchi za kusini mwa Pasifiki, Vanuatu ikiwa mstari wa mbele, zilifaulu kuirudisha New Caledonia, iliyo chini ya Ufaransa, katika orodha ya maeneo yasiyojitawala. Ufaransa, yenye kiti cha kudumu na kura ya turufu katika Baraza la Usalama, ilipinga na ikashindwa. Nchi iliyokuwa koloni lake miaka sita nyuma ilikuwa miongoni mwa walioishinda, kwa karatasi.

Kisha ukaja mwaka 1990. Huko Geneva, katika mkutano wa pili wa dunia kuhusu tabianchi, nchi za visiwa ziliunda Muungano wa Mataifa ya Visiwa Vidogo, ujulikanao kwa kifupi kama AOSIS. Humo wamo ndugu zetu wa Komoro, Shelisheli na Morisi. Van Lierop akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Mwaka uliofuata dunia ikaanza kuandika mkataba wa tabianchi, naye akapewa uenyekiti mwenza, pamoja na Elizabeth Dowdeswell wa Kanada, wa kikundi kilichoshughulika na taratibu za kisheria.

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa utamu wa kazi hii uko katika vitu vidogo. Mwezi Desemba 1991 Vanuatu, kwa niaba ya visiwa vyote, iliweka mezani pendekezo. Ilisema hivi: bahari inapanda, itakula ardhi na nyumba, na hakuna kampuni ya bima itakayokubali kuibeba hatari hiyo. Basi uundwe mfuko wa kimataifa wa bima. Mataifa yenye viwanda yauchangie, nusu kwa kipimo cha utajiri wa kila moja, nusu kwa kipimo cha moshi linaoutoa, na atakayepoteza ardhi alipwe humo.

Mtu wa kawaida angeishia kulia au kulaani. Van Lierop na wenzake, wakiwamo wanasheria wa London waliowapa ushauri, walifanya jambo la fundi. Walikwenda kutafuta mfano ulioandikwa na wakubwa wenyewe. Wakaupata: mkataba wa Brussels wa mwaka 1963, ambamo nchi za Ulaya zilikubaliana kuchangiana fidia kama mtambo wa nyuklia ungeleta maafa. Nao ulikuwa na mizani mbili, utajiri wa nchi na ukubwa wa mitambo yake. Visiwa viliichukua mizani hiyo, vikaondoa mitambo, vikaweka moshi. Hoja ikawa nzito kwa sababu haikuwa ngeni. Ni kama kumwambia tajiri: hili ndilo sharti ulilojiwekea wewe na jirani yako; nasi tunaomba lilelile.

Wakubwa walikataa. Mkataba ulipopitishwa New York tarehe 9 Mei 1992, mfuko haukuwamo. Lakini msomaji ausome mkataba huo, kifungu cha 4, ibara ya 8. Pale panaposema ni hatua gani zifikiriwe kwa ajili ya nchi zitakazoumia, pametajwa fedha, pametajwa teknolojia, na katikati pametajwa bima. Neno hilo moja limesalia kutoka katika waraka mzima uliokataliwa. Na katika orodha ya nchi za kufikiriwa, ya kwanza kabisa, herufi a, ni nchi za visiwa vidogo. Ya pili, herufi b, ni nchi zenye pwani za chini. Herufi b ni Vanga, ambako maji ya bamvua huingia mitaani. Herufi b ni Gazi na mikoko yake, na ufuo wa bara unaotazamana na Chale. Watu wa visiwa vya mbali walipojitetea walituachia nafasi karibu yao, na wengi wetu hatujawahi kuambiwa.

Bima ile ikabaki mkatabani kimya, kama mbegu. Waliomfuata Van Lierop waliimwagilia. Mwaka 1994 visiwa vilikuwa vya kwanza kuleta rasimu ya kupunguza moshi, vikidai asilimia 20 chini ya kiwango cha mwaka 1990 ifikapo 2005. Kyoto, mwaka 1997, wakubwa wakatoa kama asilimia tano. Kisha Muungano ukaongozwa na Neroni Slade wa Samoa, mwanasheria mkuu wa serikali aliyegeuka balozi, na baadaye jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Kazi ikarithiwa mkono kwa mkono. Mwezi Novemba 2022, Sharm el-Sheikh, dunia ikakubali kuunda mfuko wa hasara na uharibifu. Tangu Desemba 1991 ilikuwa imepita karibu miaka thelathini na moja. Waliokuwa vijana katika chumba kile cha kwanza walikuwa wamekwisha kuwa wazee.

Na Vanuatu haikuchoka. Wanafunzi 27 wa sheria, katika chuo kikuu cha Pasifiki ya Kusini, walianza mwaka 2019 kuuliza swali moja: je, sheria ya dunia inasema nini juu ya nchi zinazoharibu hali ya hewa? Serikali ya Vanuatu ikalibeba swali hilo mpaka Baraza Kuu, likapitishwa bila kura kupigwa tarehe 29 Machi 2023. Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, majaji wote kwa kauli moja, ikajibu kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria kuilinda hali ya hewa, na anayeuvunja aweza kudaiwa fidia. Ikaongeza kwamba taifa likipoteza ardhi yake baharini, si lazima lipoteze hadhi yake ya kuwa taifa. Darasa la wanafunzi limefanya hayo. Nchi ndogo iliyoanza na wakili wa kuazima sasa ina wanasheria wake.

Nasi tulikuwa na mtu wa kazi hii. Mwezi Agosti 1972, huko Geneva, Kenya iliweka mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa rasimu ya vifungu kuhusu ukanda wa kiuchumi wa bahari. Aliyeibeba alikuwa Frank Njenga, mwanasheria wa serikali yetu, ambaye alikuwa amekwisha kulieleza wazo hilo Colombo mwaka 1971 na Lagos mapema 1972 mbele ya wanasheria wa Asia na Afrika. Wazo lenyewe lilikuwa la haki: nchi ya pwani iwe na mamlaka juu ya samaki na mali ya bahari hadi maili 200 za baharini, na meli za wengine ziendelee kupita. Kabla ya hapo meli za mbali zilivua karibu na miamba ya watu maskini na kuondoka. Miaka kumi baadaye wazo la Njenga lilikuwa sheria ya dunia, baada ya kufumwa upya katika vikundi vya majadiliano, kimojawapo kikiongozwa na Satya Nandan wa Fiji, naye pia mwanasheria wa visiwa aliyegeuka balozi. Mvuvi wa Senegali analindwa na wazo lililotoka Nairobi. Mimi nilisoma shule za Kenya, nikafundishwa mito ya Ulaya, na jina la Njenga sikulisikia.

Kulikuwa na kifungu kingine, kidogo na kizuri zaidi. Kenya na Tanzania zilipobadilishana barua kuhusu mpaka wa baharini, Desemba 1975 na Julai 1976, kuna mtu aliyekumbuka wavuvi. Akaandika kwamba wavuvi wenyeji wa nchi zote mbili wanaovua kwa ajili ya riziki yao waruhusiwe kuvua hadi maili 12 kila upande wa mstari. Yule aliyeandika hivyo, jina lake silijui, lakini naamini alijua kwamba samaki hawasomi ramani, na kwamba mtu wa Vanga ana shangazi Pemba. Ndivyo babu alivyouliza kuhusu nazi za upepo. Kuna mtu aliyejiuliza: na huyu asiyekuwapo hapa chumbani, atakula nini kesho?

Thamani ya kazi hii huonekana zaidi mahali ilipokosekana, na ufuo huu umejaa mahali pa aina hiyo. Mbaruk bin Rashid wa Gazi alikuwa na bunduki na ushujaa, akapigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 mpaka akakimbilia kwa Wajerumani. Alifia Dar es Salaam mwaka 1910. Wakati yeye akipigana, mwezi Desemba 1895, utawala wa ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa ukipita kutoka kwa Sultani wa Zanzibar kwenda kwa Uingereza kwa karatasi. Hakuna mtu wa Gazi aliyekuwa kwenye meza hiyo. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi: mwenye kudai aje adai, asiyedai ardhi yake ni ya serikali. Wengi hawakusikia, au walisikia wakadhani kwamba makaburi ya wazee wao yanatosha kuwa hati. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wajukuu wao ndio wanaoitwa maskwota leo juu ya mchanga walikozaliwa. Na Chale yenyewe, yenye kaya ndani ya msitu wake, sehemu yake iligeuka hoteli katika miaka ya 1990 huku wazee wakilalamika. Malalamiko yalikuwa ya haki. Hayakuwa na wakili wa kuyageuza kuwa kifungu.

Hata Zanzibar iliwahi kuwa taifa dogo la visiwa lenye kiti chake. Iliingia Umoja wa Mataifa siku moja na Kenya, tarehe 16 Desemba 1963, na kiti kile kikadumu miezi minne na siku chache, mpaka Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964. Sisemi hili kulalamikia Muungano. Nasema kwamba watu wa visiwa vyetu wameionja sauti hiyo, na wanajua si kitu cha kuchezea.

Kinachoniuma zaidi ni cha juzi. Mwezi Machi 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisikiliza kesi ya mpaka wa baharini kati ya Somalia na Kenya. Mawakili wa Somalia walisimama wakasema. Upande wetu haukuwa na mtu wa kusema. Serikali iliamua kutoshiriki katika usikilizaji. Sababu zilitolewa, na wenye kuzitetea wapo. Hukumu ilitoka tarehe 12 Oktoba mwaka huo, mstari tulioutetea kwa miaka mingi ukakataliwa, na sehemu kubwa ya bahari iliyobishaniwa ikaenda kwa jirani. Siwezi kuapa kwamba wakili mzuri angeibadilisha hukumu. Lakini nchi iliyoipa dunia wazo la ukanda wa kiuchumi wa bahari haikuwa na sauti siku maili zake zenyewe zilipopimwa. Njenga angesikia nini moyoni?

Hivi ndivyo kazi hii inavyokufa. Ubalozi umekuwa pa kumpumzishia mwanasiasa aliyeshindwa uchaguzi. Wajumbe hupanda ndege kwenda mikutano ya tabianchi kwa makumi, wakapiga picha mbele ya bendera, na usiku wa mwisho, vifungu vinapoandikwa, viti vyetu viko vitupu. Anayebaki mpaka alfajiri ni yule wa kisiwa chenye wajumbe wanne, kwa kuwa yeye hana pa kukimbilia. Na huku chini ni yaleyale. Karatasi ya mradi huletwa ufuoni kwa Kiingereza, ikasomwa harakaharaka, chakula kikapakuliwa, watu wakaweka sahihi na vidole gumba. Hakuna anayeuliza juu ya nazi za upepo. Hakuna anayewaambia wenye mradi, "Semeni ninyi maneno yetu."

Vipaji havijapotea. Watu wa Gazi na Makongeni wameuza hewa safi ya mikoko yao kwa dunia tangu 2013 kupitia Mikoko Pamoja, kwa mkataba unaowaachia fedha za maji na za shule. Wamethibitisha kwamba kijiji chaweza kukaa mezani na wageni na kuinuka na kitu mkononi. Kinachohitajika ni watoto wa vijiji hivi wasomee sheria wakiwa bado wanajua tofauti ya bamvua na maji mafu, na wakishahitimu wasiambiwe kwamba mafanikio ni kununua kiwanja Nairobi tu.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenye mamlaka ya kuteua: mkitafuta mtu wa kutuwakilisha palipo na bahari yetu, msitafute wa kumlipa fadhila. Tafuteni anayesoma kifungu mara ya tano wenzake wakiwa wamelala. Nina ombi kwa walimu wa Kwale: wafundisheni watoto jina la Frank Njenga, na wafundisheni kifungu cha 4, ibara ya 8, herufi b, wajue kwamba wametajwa. Na wewe msomaji wa ufuo huu, karatasi nyingine ikija kijijini kwako, usiiwekee sahihi mpaka aliyeileta ayataje masharti yako kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi, na bila kupunguza.